Losheni isiyojitenga: kuchagua kiunganishi, kukitumia, na kujua kinatoka wapi

Nta ya nyuki peke yake haiunganishi maji na mafuta. Naanza na hilo kwa sababu malalamiko mengi ya losheni za nyumbani yanaanzia hapo. Mtu kayeyusha nta ya Tabora na mafuta ya nazi, kamiminia maji ya waridi, kakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Usiku losheni inapendeza, asubuhi maji yako chini na mafuta yako juu. Nta huyafanya mafuta kuwa mazito, na uzito huo huyashikilia matone ya maji kwa muda tu. Kinachoyashikilia kwa miezi ni imalsifaya, ambayo hapa nitaiita kiunganishi: molekuli yenye upande mmoja unaopenda maji na mwingine unaopenda mafuta, ikikaa mpakani mwa viwili hivyo ili matone yasirudiane.

Viunganishi vingi vilivyomo kwenye krimu za dukani vimetengenezwa kiwandani. Hilo peke yake si kosa, na neno "asilia" kwenye lebo halitakusaidia kuchagua. Yanayosaidia ni maswali manne: mafuta yake yametoka kwa mti gani au mnyama gani, yameunganishwa na nini, yakishaoshwa mwilini yanaoza au hayaozi, na wewe unahitaji kiasi gani. Tutayafikia. Kwanza tuipike losheni yenyewe, maana losheni iliyoharibika ikamwagwa haina faida kwa ngozi wala kwa mazingira.

Jiulize kama unakihitaji

Kama shida ni visigino na magoti yaliyokauka, mchanganyiko wa mafuta matupu unatosha: mafuta ya nazi, siagi ya shea ya kaskazini mwa Uganda, na nta kidogo. Hauna maji, kwa hiyo hauhitaji kiunganishi, na bakteria hawapati pa kuzaliana ilimradi vidole vilivyolowa visiingie koponi. Kwa upande wa mazingira hakuna kinachoushinda.

Ubaya wake anaujua anayeishi Dar es Salaam au Mombasa. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi za Selsiasi, na aliyejipaka mafuta matupu mwezi wa pili akapanda daladala, shati linamganda mgongoni kabla ya kituo cha pili. Ndiyo maana watu wanataka losheni, ambayo karibu robo tatu ni maji.

Fahamu koo zake

Ukoo ulioenea zaidi ni wa polisobeti. Unaanzia kwenye sukari ya wanga wa mahindi au ngano, inayogeuzwa kuwa sobitoli. Sobitoli ikiunganishwa na asidi ya mafuta unapata kiunganishi cha sobitani, kinachopenda mafuta. Kisha hupachikwa molekuli 20 hivi za gesi iitwayo ithilini oksaidi, na minyororo hiyo ndiyo inayokifanya kipende maji. Namba ya mwisho inakuambia asidi iliyotumika: Polysorbate 20 ni ya lauriki, 60 ni ya steariki, 80 ni ya oleiki. Ile nta nyeupe ya vipande vidogo inayouzwa kwa jina la Emulsifying Wax NF ni alkoholi ya mafuta iliyochanganywa na polisobeti, kwa kawaida ile ya 60. Kwa anayeanza, hiyo ndiyo rahisi kuliko zote.

Ndugu zake utawatambua kwa herufi. Jina likianza na PEG, au likiishia na "eth" ikifuatwa na namba, mfano Ceteareth-20, limepitia gesi ileile.

Ukoo wa pili haujaguswa na gesi hiyo: Glyceryl Stearate, Cetearyl Glucoside, viunganishi vya Polyglyceryl, na ile jozi ya Cetearyl Olivate na Sorbitan Olivate inayotokana na mafuta ya zeituni. Wauzaji hupenda kuviita vya asili. Hakuna mti unaozaa Cetearyl Olivate. Navyo vimepikwa kiwandani, ila kwa njia nyingine. Vingi ni vizuri, bei yake iko juu, na baadhi vinahitaji mkono uliozoea.

Wa tatu ni polima za akrileti, yaani minyororo mirefu ya molekuli inayotengenezwa kiwandani. Hata nusu asilimia hufiki, na unaweza kuchanganya bila moto, kwa hiyo unaokoa mkaa au umeme. Kasoro yake iko kwenye kuoza, nitaieleza chini. Lesithini ya soya au alizeti nayo inaunganisha, lakini peke yake ni dhaifu na kopo huanza kunata. Mimi siipendekezi kwa biashara.

Hesabu ndogo ya HLB

Ukiwa na Emulsifying Wax NF unaweza kuruka sehemu hii. Ukikuta dukani Tween na Span tu, isome.

Mwaka 1949 William Griffin, mkemia wa kampuni ya Atlas Powder ya Marekani, alichapisha kipimo kinachoanzia 0 hadi 20 kinachoitwa HLB. Namba ndogo inapenda mafuta, kubwa inapenda maji. Tween na Span ni majina ya biashara ya Atlas wenyewe: Tween ni polisobeti, Span ni sobitani. Span 60 ina 4.7, Tween 60 ina 14.9. Kila mafuta nayo yana namba inayoyafaa ili yakae ndani ya maji: nazi kama 8, alizeti kama 7, alkoholi ya setili (alkoholi ngumu ya mafuta inayoipa losheni uzito) kama 15.5.

Chukua fomula yetu ya chini: nazi sehemu 7, alizeti 8, setili 2. Zidisha kila moja kwa namba yake: 56, 56, na 31. Jumla 143, gawanya kwa 17, unapata 8.4. Sasa tafuta mchanganyiko wa Tween 60 na Span 60 unaofika hapo. Toa 4.7 kwenye 8.4, unabaki na 3.7, toa 4.7 kwenye 14.9, unabaki na 10.2, 3.7 gawanya kwa 10.2 ni 0.36. Yaani asilimia 36 ya kiunganishi iwe Tween 60, inayobaki iwe Span 60. Kwa gramu 25 za kiunganishi, pima gramu 9 za Tween na 16 za Span.

Hesabu hii inakufikisha karibu tu. Tengeneza vikopo vitatu vidogo, kimoja kwa namba uliyoipata, kimoja chini yake kidogo na kimoja juu, uone kipi kinasimama.

Vipimo vya gramu 500

- Maji yaliyokenekwa: gramu 362.5
- Glisirini: gramu 20
- Mafuta ya nazi: gramu 35
- Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa: gramu 40
- Emulsifying Wax NF: gramu 25
- Alkoholi ya setili: gramu 10
- Kihifadhi cha fenoksiethanoli na ethilheksiliglisirini: gramu 5
- Vitamini E: gramu 2.5

Tumia mizani ya kidijitali, si vijiko. Kijiko cha nta iliyovunjwa vipande na kijiko cha nta iliyosagwa havina uzito mmoja.

Kuhusu maji, usichukue maji ya betri ya kituo cha mafuta. Hayakutengenezwa kwa ajili ya ngozi, na kuna maduka ambako ukiomba "maji ya betri" unapewa asidi. Ukikosa yaliyokenekwa, maji ya mvua uliyoyachuja na kuyachemsha hayafai kuuzia watu. Nunua yale ya maabara au ya duka la dawa. Maji ya kisima cha chumvi ndiyo mabaya zaidi: madini yake huvuruga uzito wa losheni na kukipunguzia kihifadhi nguvu.

Kupika

Safisha meza, sufuria, miiko na chupa, kisha vipulizie spiriti ya asilimia 70 uviache vikauke vyenyewe. Usivifute kwa kitambaa cha jikoni.

Weka maji na glisirini kwenye sufuria moja. Nazi, alizeti, nta na setili ziende kwenye chombo kingine kilichokaa juu ya maji ya moto, si motoni moja kwa moja. Pasha vyote viwili mpaka nyuzi 70 hadi 75 na uvishikilie hapo dakika 20. Mafuta yawe maangavu, pasiwe na punje hata moja iliyobaki pembeni. Ukimimina maji ya baridi kwenye mafuta ya moto, nta huganda palepale na huwezi kuirudisha kwa kukoroga. Rudisha sufuria ya maji mizanini, ongeza maji ya moto kufidia yaliyopotea kwa mvuke.

Mimina maji kwenye mafuta, kisha ingiza blenda ya mkono. Izamishe kabisa na uilaze kidogo ili hewa itoke kwenye kikombe chake kabla hujaiwasha, vinginevyo utapata povu ambalo litakaa kwenye losheni hadi mwisho. Piga kwa sekunde chache, pumzika, koroga na mwiko, piga tena. Mchanganyiko unageuka mweupe mara moja, na hapa ndipo wengi wanaogopa, kwa sababu ni mwepesi kama uji wa mgonjwa. Uache. Usiongeze nta. Losheni inazidi kushika kadiri inavyopoa, na uzito wake kamili huuoni mpaka kesho yake, setili ikishaganda vizuri. Aliyeongeza nta kwa pupa kesho anakuta kitu hakitoki kwenye pampu.

Endelea kukoroga taratibu kila baada ya muda hadi ishuke chini ya nyuzi 40, kisha tia kihifadhi na vitamini E. Pima pH, yaani kiwango cha uchachu, kwa karatasi; iwe kati ya 5 na 6. Ikiwa juu, matone machache ya asidi ya sitriki iliyoyeyushwa kwenye maji yanatosha.

Kihifadhi si hiari. Losheni ya maji bila kihifadhi ni chakula cha kuvu, hata kwenye friji. Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: polisobeti hupunguza nguvu za parabeni, vihifadhi vinavyotumika sana kwenye vipodozi. Vikundi vya molekuli za polisobeti huifungia parabeni ndani yao, na iliyobaki kwenye maji, ambako bakteria wanaishi, inakuwa haitoshi. Kwa hiyo ukihama kutoka kiunganishi kimoja kwenda kingine, usidhani kihifadhi cha zamani kitafanya kazi ileile. Sodiamu benzoeti, kihifadhi kingine, nayo inataka pH chini ya 5, haifai kwa fomula hii ilivyo. Fenoksiethanoli isizidi asilimia 1, ndicho kikomo cha sheria ya Ulaya, na gramu 5 zetu zinatimiza hapo.

Kujaribu kabla ya kumpa mtu

Dondoshea tone kwenye glasi ya maji. Likitawanyika lenyewe, mafuta yako ndani ya maji kama ulivyokusudia. Likielea kama tone, mambo yamegeuka.

Kisha gawa vikopo vitatu. Kimoja kabatini. Kimoja usiku kwenye friza, mchana mezani, urudie mara kadhaa. Kimoja mahali penye joto la nyuzi 45 hivi kwa wiki kadhaa, maana mzigo unaosafiri kwa basi kwenda Mwanza hukutana na joto hilo kwenye buti. Maji yakikaa chini, kiunganishi ni kidogo au HLB haikulenga. Pete ya mafuta juu, mara nyingi ulipiga blenda kwa muda mfupi mno. Chenga ndogo ndogo unapopaka, setili au siagi ya shea ilipoa vibaya. Ikiacha weupe mwingi juu ya ngozi kabla ya kuingia, punguza nta au setili kidogo kidogo, na hapo umeokoa hela pia.

Maswali manne kwa muuzaji

Mafuta yametoka wapi? Steariki na setili nyingi duniani hutokana na michikichi, na Indonesia na Malaysia ndizo zinazotoa zaidi ya nne ya tano ya mafuta ya mawese. Misitu na ardhi ya mboji imefyekwa kwa ajili yake. Ajabu ni kwamba mchikichi ni mti wa Afrika. Kigoma watu wanakamua mawese kwa mikono na kupikia maharage, lakini sterati unayoinunua kwa kilo imezunguka Asia kwanza. Msikimbilie kusema mawese yasitumike. Hekta moja ya michikichi hutoa mafuta mara kadhaa kuliko hekta ya soya au alizeti, kwa hiyo kuhamia mafuta mengine kunaweza kula ardhi zaidi. Cha kuuliza ni cheti cha RSPO, jumuiya ya mawese endelevu iliyoundwa mwaka 2004, na uulize ni cheti cha aina gani. Kuna mzigo uliotengwa tangu shambani, na kuna ule uliochanganywa na mwingine ambapo hesabu za makaratasi ndizo zinazolingana. Wa pili ndio utakaoupata mara nyingi. Ni afadhali kuliko hakuna, ila usiandike kwenye lebo yako kwamba kopo lile lina mawese ya shamba safi.

Na kiunganishi kikiitwa "bila PEG" hakimaanishi bila mawese. Hayo ni mambo mawili.

Asidi ya steariki inaweza pia kutoka kwenye mafuta ya ng'ombe au nguruwe, na jina kwenye gunia halibadiliki. Ukiuza Zanzibar, Mombasa au Muscat, taka maandishi kwamba ni ya mimea. Mteja atakuuliza, na ana haki.

Yameunganishwa na nini? Ithilini oksaidi kwa kawaida hutokana na mafuta ya petroli au gesi asilia. Ni gesi inayolipuka, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kundi la 1, yaani vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Hatari hiyo iko kwa wafanyakazi na majirani wa kiwanda, si kwa anayepaka losheni. Tween na Span leo ni mali ya kampuni ya Croda, na kiwanda chake cha Atlas Point, Delaware, ndicho kilichojengewa mtambo wa kutengeneza gesi hiyo kutokana na ithanoli ya mimea. Novemba 2018 gesi ilivuja hapo, na daraja la Delaware Memorial, linalounganisha Delaware na New Jersey, likafungwa kwa saa kadhaa. Malighafi ilikuwa ya shambani. Gesi ni ileile.

Kinachoweza kukufikia wewe ni mabaki ya dioksani, zao la pembeni la kupachika gesi hiyo kwenye kiunganishi. Shirika hilohilo limeiweka kundi la 2B, huenda ikasababisha saratani. Kiwanda makini huiondoa kwa kuvuta hewa chini ya shinikizo dogo. Jimbo la New York limeweka kikomo cha sehemu 10 kwa milioni kwenye vipodozi tangu mwisho wa 2022. Dioksani huyeyuka kabisa kwenye maji na haiozi upesi, kwa hiyo inaweza kushuka hadi maji ya ardhini. Omba cheti cha uchambuzi kinachotaja kiwango chake. Duka linalochota kutoka kwenye gunia lisilo na jina la mtengenezaji, namba ya bechi wala tarehe ya mwisho halina la kukuonyesha. Nunua kwingine hata kama bei imepanda.

Kinaoza? Kipimo kinachotumika sana ni namba 301 cha OECD, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo: kwa majaribio yanayopima oksijeni au hewa ukaa, kitu huhesabiwa kinaoza kwa urahisi kikifika asilimia 60 ndani ya siku 28. Glyceryl Stearate haina tabu hapo, inakatika kuwa glisirini na asidi ya mafuta ambavyo vijidudu vinavila. Polima za akrileti hazikatiki hivyo. Zinaokoa moto jikoni na zinatumika kidogo, lakini zikishuka bafuni zinabaki kwa muda mrefu. Mimi nikiulizwa, kwa losheni ya kila siku nachagua kinachooza na nachoma mkaa kidogo zaidi.

Kiasi gani? Hili liko mikononi mwako bila cheti cha mtu. Watu hutia nta asilimia 8 au 10 kwa woga. Anza na 5, ikisimama vipimo vyote vitatu jaribu 4.

Ukitaka kuuza, na ukimaliza kuosha

Tanzania, tangu Julai 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, si tena iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Kenya ni KEBS, shirika la viwango la huko. Lebo iwe na viambato kwa mpangilio wa uzito, kikubwa kwanza, namba ya bechi na tarehe ya mwisho. Usiandike "haina kemikali". Maji nayo ni kemikali, na ndiyo ya kwanza kwenye orodha yako.

Polisobeti iliyobaki ifunge vizuri na uiweke gizani, maana ikipigwa na hewa na mwanga inaharibika na kutoa harufu. Sufuria na blenda vifute kwanza kwa karatasi, karatasi iende kwenye taka ngumu, ndipo uoshe kwa maji ya moto na sabuni. Losheni iliyojitenga lakini haijaoza ipashe tena hadi nyuzi 70, ongeza kiunganishi asilimia 1, piga blenda, na ikishapoa itumie mwenyewe nyumbani, usiiuze. Iliyoanza kunuka isimwagwe chooni wala kwenye mtaro. Ichanganye na pumba za mbao, ifunge kwenye mfuko, itoke na takataka.